Mbuzi za Kamina na manyoya ya kashmiri: mambo ya kujua mbele ya kuweka feza katika ufugaji

Kashmiri ni kati ya manyoya ya bei kali zaidi katika dunia, na yanatoka kwa mbuzi. Kamina na vijiji vinavyoizunguka viko na mbuzi karibu kila lupango. Kwa hiyo ni rahisi mutu ajiulize: kama wengine wanapata feza kwa manyoya ya mbuzi, kwa nini si hapa Haut-Lomami?

Jibu ni kwamba mbuzi za kashmiri haziwezi kutoa manyoya hayo hapa kwetu. Makala hii inaeleza sababu. Kisha inaonyesha faida ya mbuzi tulizo nazo, ugonjwa ambao unaweza kuimaliza faida hiyo kwa wiki mbili, na vitu ambavyo inafaa mutu aangalie akienda kutembelea ferme ya mbuzi mashambani mbele ya kutoa feza yake.

Kashmiri ni kitu gani?

Mbuzi ya kashmiri iko na manyoya ya aina mbili. Ya juu ni marefu na magumu. Yanazuia theluji na upepo. Ya chini, yale yanayogusa ngozi, ni mafupi na laini sana. Hayo ya chini njo yanaitwa kashmiri. Unene wake hauzidi maikroni 19, ni kusema hata sehemu 2 za mia za milimita moja haufiki. Nywele ya mutu ni nene kupita hapo mara tatu au ine.

Jina linatoka Kashmir, eneo la milima kaskazini ya Bara Hindi, ambako mafundi walifuma shali kwa manyoya yaliyoletwa kutoka nyanda za juu za Tibet na Ladakh. Leo China njo ya kwanza kwa kutoa kashmiri, na Mongolia inafuata.

Mbuzi moja haitoi mingi. Mara moja kwa mwaka, baridi ikianza kuisha, manyoya ya chini yanajiachilia yenyewe na mufugaji anayatoa kwa kuchana na chanuo. Anapata karibu gramu 150 mpaka 250 tu, tena sehemu inapotea wakati wa kusafisha. Kwa triko moja ya mutu mukubwa inahitajika manyoya ya mbuzi tatu, ine ao zaidi. Hiyo njo sababu ya bei kuwa kali.

Kwa nini hayawezi kutoka Kamina?

Sababu ni mbili: urefu wa mchana na baridi.

Mwili wa mbuzi unafuata jua. Mchana ukianza kufupika, mwili unajua kwamba baridi inakuja, na manyoya ya chini yanaanza kuota. Mchana ukirefuka tena, manyoya yanaanguka. Kule Ulaanbaatar, muji mukubwa wa Mongolia, mchana wa mwezi wa 6 unakaribia saa 16, na ule wa mwezi wa 12 ni karibu saa 8 na nusu. Kamina iko karibu digri 9 kusini ya ikweta. Hapa mchana murefu na mchana mufupi vinapitana kwa saa moja tu. Mbuzi ya kashmiri ikiletwa huku, mwili wake hautapata alama kali ya kuuambia uote manyoya.

Kisha kuna baridi yenyewe. Mongolia inateremka mara mingi chini ya digri 30 za barafu. Ni kweli Kamina iko karibu metre 1,100 juu ya bahari, na asubuhi za mwezi wa 6 na wa 7 watu wanavaa triko. Lakini saa sita za mchana jua linakuwa kali, na kuanzia mwezi wa 10 mpaka wa 4 kunakuwa mvua, joto, kupe na minyoo. Mnyama aliyezoea ukavu na barafu atateseka.

Hata kule yanakotoka, kashmiri si feza ya bure. Wakati wa baridi ya 2009 kwenda 2010, Mongolia ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 8 juu ya barafu na kukosa majani. Tena mbuzi zikizidi, zinakula majani mpaka kwenye mizizi na udongo unabaki wazi.

Afrika iko na mbuzi za manyoya?

Ndiyo, lakini si kashmiri. Katika 1838, mbuzi za Angora kutoka Uturuki zilifikishwa Afrika Kusini. Manyoya yake yanaitwa mohea: ni marefu, yanang'aa, na yanakatwa kwa makasi ao mashini mara mbili kwa mwaka. Leo Afrika Kusini ni ya kwanza katika dunia kwa mohea, na Lesotho ni ya pili. Inchi hizo ziko pamoja na Congo katika SADC, lakini mbuzi zake zinakaa kwenye nyanda kavu zenye majira ya baridi ya kweli. Mutu akikuambia anauzisha mbuzi za manyoya zinazofaa kwa joto na mvua yetu, kwanza muulize ni wapi zimekwisha kufugwa hivyo, na nani alinunua manyoya.

Mbuzi zetu ziko na faida gani?

Mbuzi ya kwetu ni ndogo, manyoya yake ni mafupi, na maziwa yake yanatosha karibu watoto wake tu. Lakini iko na nguvu nyingine: inakula majani ambayo ng'ombe haigusi, inavumilia joto, na inazaa mara mingi. Mimba yake inachukua miezi 5. Ikichungwa muzuri inaweza kuzaa mara 3 katika miaka 2, na mara mingi inazaa mapacha.

Haut-Lomami inajulikana pia kwa ranchi kubwa za ng'ombe tangu wakati wa Wabelgiji. Lakini ranchi ni kazi ya kampuni. Mbuzi ni mali ya nyumba ndogo: mama mujane, mwalimu anayekosa mushahara, mulimaji wa muhogo. Mbuzi inauzwa wakati wa kulipa minervali, wakati mutoto amelazwa ku hospitali, ao wakati wa kilio. Katika mila ya Baluba, mbuzi inaingia katika mali ya ndoa, na mbele ya chifu inaweza kuwa malipo ya kosa. Hata jina la Mbuji-Mayi, muji wa jirani kule Kasai, kwa Tshiluba linamaanisha maji ya mbuzi.

Soko nayo iko. Kamina ni njia panda ya reli: njia moja inaenda Lubumbashi, ingine inapanda Mwene-Ditu, Kananga mpaka Ilebo, na ya tatu, iliyomalizika 1956, inaenda Kabalo na kuunganika na njia za Kindu na Kalemie. Miji ya migodi inakula nyama kila siku. Treni inachelewa, ndiyo, lakini mbuzi hai inaweza kungoja ikiwa iko na maji na majani. Samaki mubichi haiwezi.

Tufanye hesabu, kwa mufano tu. Mutu iko na majike 5. Kila jike ikizaa mara 3 katika miaka 2, na kila uzazi tuhesabu mutoto moja na nusu, anapata watoto 22 ao 23. Tuseme theluthi moja inakufa juu ya baridi ya usiku, minyoo na imbwa. Inabaki karibu 15. Akiuzisha madume na kubakisha majike, kundi linaongezeka bila kununua tena. Faida ya mbuzi zetu iko katika watoto wanaobaki hai. Kwa hiyo kitu kinachoua watoto na mama zao pamoja njo adui wa kwanza.

Ugonjwa unaomaliza kundi

Adui huyo ni sotoka ya mbuzi na kondoo. Waganga wa nyama wanaiita PPR, kwa kifupi cha jina lake la Kifaransa. Iliandikwa mara ya kwanza Côte d'Ivoire katika 1942. Ni ugonjwa wa virusi, ndugu ya sotoka ya ng'ombe ambayo dunia ilitangaza katika 2011 kwamba imemalizika kabisa.

Congo inaujua. Katika 2012, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitangaza kwamba mbuzi zaidi ya 75,000 zilikuwa zimekufa katika inchi yetu juu ya PPR, na kwamba zingine milioni moja, pamoja na kondoo 600,000, ziko katika hatari.

Alama zake ni hizi:

– Mbuzi inapata homa kali, inaacha kula, inasimama peke yake na kichwa chini.
– Macho na pua vinatoa maji, kisha usaha unaoganda mpaka pua inaziba.
– Vidonda vinatokea ndani ya kinywa, kwenye ufizi na ulimi, pumzi inanuka.
– Inakohoa, inahara sana, na yenye mimba inaweza kuiangusha.
– Mingi zinakufa kati ya siku 5 na 10 baada ya alama kuanza.

Katika kundi ambalo halijapata ugonjwa huu, inaweza kuua mbuzi 9 kwa 10. Virusi vinapita kwa pumzi, makamasi na mavi, mbuzi zikisongana pamoja: sokoni, ndani ya vago, kwenye maji. Kwa hiyo njia ileile ya reli inayotuletea wanunuzi inaweza kutuletea ugonjwa.

PPR haiingii kwa mutu. Lakini kuchinja haraka mbuzi yenye kuugua na kutembeza nyama na ngozi yake vijijini ni njia ya kusambaza ugonjwa. Na kuuzisha zile zinazoonekana bado muzuri, wakati wenzake wamekwisha kuanza kukohoa, ni kumupelekea mwenzako kifo cha kundi lake. Mizoga ifukiwe katika shimo la kina, mbali na maji na imbwa.

Kunywesha mbuzi vidonge vya antibiotiki hakuui virusi. Munganga anaweza kutoa dawa juu ya magonjwa mengine yanayofuata nyuma, kama ya mapafu, lakini PPR yenyewe haina dawa ya kuiponya. Iko na chanjo.

Chanjo, na shida ya chupa moja

Chanjo ya PPR ni sindano moja chini ya ngozi, na inalinda mbuzi kwa miaka 3 ao zaidi. Mutoto wa mama aliyechanjwa iko na ulinzi wa maziwa kwa miezi 3 ao 4 ya kwanza. Nyuma ya hapo naye achanjwe. Hii njo sababu zoezi lirudiliwe kila mwaka kwa wale wapya. Mwaka wa 2015, katika mukutano wa Abidjan, mataifa yalikubaliana kwamba PPR imalizwe dunia muzima kufika 2030.

Shida ya mufugaji mudogo iko hapa. Chanjo inakuja katika chupa ya dozi mingi, mara mingi 50 ao 100. Inafaa ikae katika baridi ya digri 2 mpaka 8, na munganga akisha kuichanganya na maji yake, itumiwe palepale. Ile inayobaki inatupwa. Mutu mwenye mbuzi 6 hawezi kuita chupa nzima peke yake. Na kama jirani hakuchanja, ugonjwa unaendelea kuzunguka katika kijiji.

Kwa hiyo chanjo ni kazi ya kijiji, si ya mutu moja. Namna ni hii:

1. Nyumba za kijiji kimoja ao mutaa mumoja zihesabu mbuzi na kondoo zake zote, na kuandika kwenye karatasi.
2. Mutu moja ao wawili wapeleke hesabu hiyo kwa mukaguzi wa kilimo, uvuvi na ufugaji wa teritware, ofisi inayojulikana kwa jina la ITAPEL, ao kwa munganga wa nyama anayetambulika.
3. Wakubaliane siku, bei kwa kila kichwa, na namna ya kufikisha chanjo ikiwa ndani ya barafu. Sanduku la baridi juu ya pikipiki linatosha kama safari ni ya asubuhi.
4. Siku ile mbuzi zote zifungwe mapema, kabla hazijaenda kula. Zile zenye homa ziachwe pembeni na kuonyeshwa kwa munganga.
5. Kila mwenye mbuzi aandike tarehe. Tarehe hiyo ni mali: munyunuzi wa kweli ataiuliza.

Mwezi wa 8 na wa 9 ni wakati muzuri, sababu mvua haijaharibu barabara.

Ukienda kutembelea ferme ya mbuzi

Watu wengi wanaanza kwa kununua mbuzi 3 ao 5 kwa mufugaji wa mashambani. Fika asubuhi, mbuzi zikingali ndani. Salimia wenye nyumba, na usisahau watoto wanaochunga: mara mingi wao njo wanajua ni ipi inayougua. Kama umetoka katika ferme ingine siku ileile, safisha viatu mbele ya kuingia. Kisha angalia:

Nyumba ya mbuzi. Iliyo muzuri imeinuliwa kutoka chini, sakafu ni ya miti iliyoachana kidogo ili mavi yaanguke, paa halivuji, na upande wa upepo umefungwa. Ikinuka mukojo mpaka macho yanauma, mbuzi hizo ziko na kikohozi ao zitakipata.

Jicho. Vuta polepole ngozi ya chini ya jicho. Ikiwa nyekundu, damu iko. Ikiwa nyeupe kama karatasi, minyoo inakunywa damu ya mbuzi hiyo.

Pua na mukia. Pua iwe kavu ao na unyevu kidogo, bila usaha. Mukia na mapaja ya nyuma yasiwe na mavi yaliyoganda.

Meno ya mbele ya chini. Mbuzi yenye haijafika mwaka iko na meno madogo ya maziwa yote. Meno makubwa 2 katikati ni karibu mwaka moja na nusu. 4 ni miaka 2. 6 ni miaka 3. Yote 8 ni miaka 4. Meno yaliyovunjika ni uzee. Mbuzi hiyo nunua tu kwa nyama.

Ziwa na dume. Jike iwe na chuchu mbili nzima, bila uvimbe mugumu. Dume iwe na korodani mbili za ukubwa sawa. Dume moja inatosha majike 20 mpaka 25.

Uliza pia: zilichanjwa lini? Dume ilitoka wapi? Wakati wa mvua iliyopita zilikufa ngapi, na kwa alama gani? Kama dume ni ile iliyozaliwa palepale na inapanda mama na dada zake, watoto watakuwa wadogo na wadhaifu. Inafaa dume ibadilishwe kila nyuma ya miaka 2, na wafugaji wanaweza kubadilishana bila kutoa feza.

Ukinunua, omba karatasi ya munganga ya kusafirisha nyama. Ukifika nyumbani, usiingize mbuzi mpya katika kundi. Ifunge pembeni siku 21 na chombo chake cha maji. Ikiwa na ugonjwa, utaonekana pale, na kundi lako litapona.

Chakula na amani na majirani

Wakati wa mvua majani ni mingi, lakini mashamba yako na mahindi na karanga. Mbuzi zinazozurura njo zinaleta kesi mbele ya chifu. Kama hakuna muchungaji, funga mbuzi kwa kamba ndefu, mahali penye kivuli, uihamishe mara mbili kwa siku na kuipa maji. Usiiache kwenye majani ya umande asubuhi, sababu vijidudu vya minyoo vinapanda hapo.

Wakati wa jua, kuanzia mwezi wa 5, majani yanakauka, kisha mioto ya pori inamaliza yaliyobaki. Mufugaji mwenye akili anaweka akiba: majani ya karanga yaliyoanikwa, mashina ya viazi vitamu, pumba la mahindi linalobaki nyuma ya kusaga unga wa bukari, na maganda ya muhogo. Maganda ya muhogo muchungu yaanikwe jua siku 2 ao 3. Yakiliwa mabichi yanaweza kuua mbuzi. Chumvi kidogo iwepo kila siku.

Juu ya minyoo, usipe dawa bila kupima uzito na bila kuuliza munganga. Albendazole haifai kwa mbuzi yenye mimba changa. Na dawa ileile ikitolewa ovyo kila mwezi, minyoo inaizoea.

Maswali mafupi

Mutu aanze na mbuzi ngapi? Majike 3 mpaka 5 na dume ya jirani inatosha. Anza na zile unazoweza kulisha mwezi wa 9.

Inafaa kuleta dume kubwa za inje, kama Boer ya Afrika Kusini? Watoto wanakuwa wakubwa, lakini wanaomba chakula zaidi na uangalizi zaidi. Bila chanjo na akiba ya chakula, ni kupoteza feza.

Maziwa ya mbuzi yanafaa kwa watoto? Yanafaa kama chakula cha nyongeza kwa mutoto aliyepita mwaka moja, na kila mara yachemshwe, sababu mabichi yanaweza kuleta brusela.

Na ngozi je? Iko na bei pale tu ambako kuna munyunuzi. Ikichunwa bila kutobolewa kisu na kukaushwa kivulini ikiwa imevutwa, inakaa bila kuoza.

Mutu anayeona mbuzi mbili ao tatu zinakohoa na kuhara kwa wakati moja asingoje soko la wiki. Azifunge zote nyumbani, aite majirani wafunge zao, na apeleke habari kwa munganga wa nyama ao ofisi ya ITAPEL siku ileile.